KISMAYO: MJI HUSOMWA KWENYE MZIGO



Mgeni akiingia mji wenye pilikapilika kwa mara ya kwanza, macho yake hutangulia akili. Iwe ni Jakarta au Singapore kule Asia ya Kusini-Mashariki, iwe ni Mombasa au Dar es Salaam hapa kwetu, huona yote kwa wakati mmoja: magari, maduka, watu wanaokimbilia asikokujua, mali inayoshuka na mali inayopakiwa. Akirudi kwao na kuulizwa habari za mji, jibu lake huwa moja: mji umechangamka, pesa iko, kazi ziko tele.

Sisi tunaoishi kwa jasho letu inatupasa tuwe na jicho la pili. Mji unaweza kujaa watu na mali tangu alfajiri mpaka usiku, na bado mfanyakazi wake akalala bila kujua kama kesho ana kazi. Ndiyo maana katika ukurasa huu tunawaalika tuingie pamoja Kismayo, bandari kubwa ya kusini mwa Somalia. Kwanza tutaona yale yanayomshangaza mgeni. Kisha tutaangalia mizigo inayopita mabegani mwa watu, mmoja mmoja, na kuuliza ulitoka wapi na unakwenda wapi. Kwa maoni yetu, habari za kazi katika pwani ile zimeandikwa kwenye mizigo hiyo.

TUNAINGIA KWA BAHARI

Kismayo iko kusini kidogo ya mstari wa Ikweta, karibu na mahali mto Juba unapomwaga maji yake baharini. Ukishuka kusini kuelekea Rasi Kamboni, mpakani mwa Kenya, unavikuta visiwa vya Wabajuni vimejipanga mbele ya pwani: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo vidogo. Watu wake ni wavuvi na mabaharia tangu enzi za mababu. Lugha yao, Kibajuni, ni ndugu wa Kiamu na ni tawi la Kiswahili chetu sote. Hata jina la mji wazee wa pwani hulieleza kwa lugha hiyo: kisima yuu, yaani kisima cha juu.

Mtu wa visiwani anapokwenda mjini hupanda mashua pamoja na samaki wa kuuza. Kijijini kwake ameacha msikiti, kisima, minazi, na pengine magofu ya mawe ya watu wa kale. Sauti kubwa aliyoizoea ni ya bahari. Tumfuate huyo, maana ndiye msafiri wa kweli wa pwani ile.

Kitu cha kwanza kumkabili ni bandari. Imejengwa kwenye kisiwa kilichounganishwa na bara kwa njia ya mawe, na gati lake, lenye nafasi nne za meli, lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani. Mbele yake yamefungwa majahazi ya mbao yanayotoka Ghuba na India, na meli za chuma zenye kutu. Watu wanapita juu ya mbao nyembamba wakiwa wameinama, magunia mgongoni. Harufu ya dizeli inachanganyika na ya samaki na ya mifugo.

Akipanda mjini, kelele zinabadilika. Mabajaji yanapiga honi na kupenya pasipopitika. Wanawake wamepanga madumu ya maziwa ya ngamia. Mnunuzi hatoi noti mfukoni. Anabonyeza simu, na malipo yanakwenda kwa dola, hata kwa kitu kidogo. Kisomali kinasikika kila upande, lakini kule wanakoshushia samaki msemaji wa Kiswahili atatega sikio, maana atasikia watu wanahesabu, na "moja" yao ni "moya". Papo hapo atajua kwamba hakutoka nje ya nyumba ya lugha yake, ameingia tu chumba kingine.

Na kama anajua Kisomali kidogo, kuna jina moja la mtaa litakalomsimamisha. Mtaa wenyewe unaitwa Shaqaalaha. Maana yake ni Wafanyakazi. Yaani katika mji huu kuna mtaa mzima uliobeba jina letu. Basi tuwatafute wenye jina.

WASAFIRI WA ZAMANI WALIMWONA NANI?

Tabia ya kuuona mji kwa utajiri wake si ya leo. Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta wa Morocco alifika Mogadishu, kabla ya kuendelea kusini kwa bahari mpaka Mombasa na Kilwa. Ameeleza kwamba jahazi likitia nanga, vijana waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, ili amkaribishe mfanyabiashara mmoja awe mgeni wa tajiri wake. Ametusimulia wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizochemshwa kwa maziwa, maembe na ndimu za achari, vitambaa vilivyofumwa mjini, na heshima za sultani. Baadaye alisafiri mpaka Sumatra na China, na huko nako aliandika habari za masultani na masoko.

Tunamshukuru kwa kutuachia habari hizo. Lakini nani aliishusha shehena ya jahazi lile, na alilipwa nini? Wasafiri wengi wa zamani walipokewa na matajiri, wakalala kwa matajiri, wakaandika habari za matajiri. Hamali alipita mbele ya macho yao kama upepo. Tusirudie kosa hilo.

MZIGO WA KWANZA: SUKARI

Gunia linaloshushwa melini aghalabu ni la sukari. Gunia la kawaida la sukari lina kilo 50. Kwa mgeni ni alama ya biashara nzuri. Kwa mfanyakazi wa Juba ni kumbukumbu chungu.

Juu ya mto, huko Mareerey karibu na Jilib, palikuwa na mradi mkubwa wa sukari ulioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashamba ya miwa yalinyweshwa kwa maji ya mto Juba, na kiwanda kilisaga miwa palepale. Walikuwapo wakataji, madereva wa matrekta, mafundi wa mitambo, wapishi wa sukari, makarani, walinzi. Kila mmoja alikuwa na kazi yenye jina. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, kazi ilisimama na mitambo ikaporwa.

Tangu hapo watu waliokuwa wakitengeneza sukari wanashusha sukari ya wengine. Na haikuishia hapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa miaka kadhaa jinsi sukari iliyoingia Kismayo ilivyovushwa kwa malori mpaka Kenya kwa njia za magendo. Kwa hiyo kufa kwa kiwanda kimoja Juba kulimgusa mkulima wa miwa na mfanyakazi wa kiwanda cha magharibi mwa Kenya, ambaye sukari yake ilishindwa kushindana sokoni na ile isiyolipiwa ushuru. Hivyo ndivyo tulivyofungwa pamoja, tujue tusijue.

MZIGO WA PILI: NG'OMBE ANAYETEMBEA

Kismayo ilikuwa na kiwanda cha nyama ya makopo, kilichojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti na kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ng'ombe wa Juba ya Chini waliingia kwa miguu na kutoka wakiwa makopo. Faida ya kiwanda cha namna hiyo haiko kwenye nyama peke yake. Kuna mchinjaji, mkata nyama, mfunga makopo, fundi wa boila, mpima afya ya mifugo, mtengeneza ngozi. Mnyama mmoja hupita mikono mingi, na kila mkono hupata ujira.

Kiwanda hicho nacho hakikunusurika. Ng'ombe wa eneo hilo kwa miaka mingi wamekuwa wakitembezwa nchi kavu mpaka soko la Garissa nchini Kenya, na wengine hupakiwa wakiwa hai kwenda Arabuni. Mchungaji hupata chake, dalali hupata chake. Ile mikono mingi ya katikati haina tena kitu cha kushika.

MZIGO WA TATU: NDIZI

Wenzetu wa mashamba makubwa wasikilize hapa. Ndizi yenyewe ni mgeni wa zamani katika Afrika. Asili yake ni ile ile Asia ya Kusini-Mashariki tuliyoitaja mwanzoni. Katika bonde la Juba Wataliani waliifanya zao la kuuza Ulaya. Mwaka 1925 Waingereza walikuwa wameukata mkoa wa Jubaland kutoka Kenya na kuwapa Wataliani, nao walowezi wakaja kutaka mashamba na watu wa kuyalima.

Watu hao walitafutwa miongoni mwa Wagosha, wakulima wa kandokando ya mto, ambao wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Tanzania na Msumbiji ya leo. Mpaka sasa kuna wanaosema Kizigua katika bonde lile. Katika miaka ya 1930 walikamatwa vijijini na kupelekwa kwa nguvu katika mashamba ya walowezi, wakaacha mashamba yao wenyewe yakiliwa na magugu. Kazi hiyo ya shuruti waliiita kolonya, na jina hilo halikusahaulika. Waliokumbana na habari za manamba na kipande katika mashamba ya mkonge na chai wataielewa bila kufafanuliwa. Utaratibu huo ulivunjika Waingereza walipowaondoa Wataliani mwaka 1941.

Ndizi ziliendelea kupakiwa Kismayo baada ya uhuru. Kisha vikaja vita vya 1991, na mwisho wa mwaka 1997 mafuriko makubwa ya Juba na Shabelle yakamalizia mifereji na mashamba mengi.

MZIGO WA NNE: SAMAKI

Sasa turudi kwa yule tuliyekuja naye kwenye mashua. Mvuvi wa Kibajuni hakuwa mtu wa kuajiriwa. Chombo kilikuwa chake au cha jamaa yake, na bahari aliijua kwa jina, mwamba kwa mwamba. Alivua kwa mshipi, kwa nyavu na kwa madema. Alikuwa na ustadi wa kumkamata kasa kwa kumtumia samaki anayejigandisha, aliyefungwa kamba mkiani: samaki hujibandika kwa kasa, na mvuvi huvuta wote wawili. Papa alikaushwa na kuuzwa mbali. Kambakoche alitafutwa miambani.

Katika miaka ya 1970 serikali iliwaingiza wavuvi katika vyama vya ushirika vilivyosimamiwa kutoka juu. Ushirika ni jambo jema, nasi tunaukubali. Lakini ushirika ambao mvuvi hauongozi ni mwajiri mwingine aliyevaa kanzu ya ushirika. Halafu mwaka 1991 watu wenye bunduki walipovamia visiwa, waliiba vyombo, mashine na nyavu, na kutenda maovu makubwa zaidi ya hayo. Wabajuni walikimbilia Kenya kwa maelfu, wakaishi katika kambi za wakimbizi za pwani ya Mombasa kama ile ya Jomvu, mpaka kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990. Baadhi walirudi visiwani. Wengine wako Mombasa, Malindi na Lamu, na wengine wamefika Ulaya.

Aliyerudi alikuta bahari yake ina wageni. Meli za kigeni zilikuwa zikivua bila ruhusa kwa kuwa hapakuwa na dola ya kuzizuia. Mvuvi asiye na chombo anakwenda baharini kwa chombo cha mwingine, na mapato yanagawanywa: mwenye chombo, mwenye mashine, petroli, barafu, na mwisho yeye. Mtu aliyekuwa bwana wa mashua yake amekuwa kibarua wa baharini.

MZIGO WA TANO: MKAA

Mzigo huu ndio mweusi kwa rangi na kwa habari zake. Migunga ya Juba ilikatwa, ikachomwa, na magunia ya mkaa yakapelekwa nchi za Ghuba. Kundi la al-Shabaab liliuteka mji Agosti 2008 na likaishika bandari mpaka mwishoni mwa Septemba 2012, lilipoondoka mbele ya majeshi ya Kenya na ya Somalia. Mkaa ulikuwa moja ya njia zake za kupata fedha. Kwa ajili hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya mkaa kutoka Somalia kwa azimio nambari 2036 la Februari 2012. Hata baada ya mji kubadilisha mikono, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba mkaa uliendelea kutoka.

Mhamali aliyebeba gunia lile hakuweka bei, hakupokea faida, wala hakununua bunduki. Yeye alimeza vumbi. Lakini biashara ikiharamishwa, wa kwanza kukosa chakula cha jioni ni yeye, na nchi iliyobaki bila miti ni yake na ya wanawe.

SASA TUMTAZAME MCHUKUZI MWENYEWE

Tumeona mizigo mitano, na kila mmoja umetwambia jambo lile lile: mali inapita, kazi ya kuitengeneza haipo. Kilichobaki ni kubeba. Kiwanda kikifa, jasho haliondoki mjini. Linahama tu kutoka kwenye mashine kwenda mgongoni, na huko mgongoni bei yake ni ndogo.

Hamali, na Wasomali humwita kwa neno hilo hilo, hulipwa kwa kubeba. Meli ikija anakula. Meli isipokuja, au kusi likichafua bahari, anakopa. Akiteguka kiuno, gunia linapewa mwingine aliyesimama nyuma yake. Na nyuma yake wamesimama wengi, kwa sababu ukame na vita vimewaleta mjini wafugaji na wakulima waliopoteza kila kitu, wanaoishi kambini pembezoni mwa mji. Wingi wa watu unaomfurahisha mgeni sokoni ndio unaoshusha ujira bandarini.

Je, kuna dawa? Iko, na pwani yetu imeijaribu. Mombasa kabla ya mwaka 1947 makuli waliishi hivyo hivyo: kibarua cha siku, vyumba vya kubanana, bei za vyakula zilizopanda wakati wa vita. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima uligoma, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, Mwafrika wa bara na wa pwani pamoja. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na nyongeza ikapatikana. Mwaka huo huo makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mwaka 1948 wakafuata wa Unguja. Kutokana na moto huo vilizaliwa vyama vya bandari, na hatua kwa hatua kibarua akaandikwa kwenye daftari na kuwa mfanyakazi.

Sheria za kimataifa nazo zipo. Mkataba nambari 137 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataka wafanyakazi wa bandari waandikwe kwenye orodha, na walioandikwa wapewe kazi kwanza. Pendekezo nambari 128 la mwaka 1967 linasema mwanamume mtu mzima asibebe kwa kawaida mzigo unaozidi kilo 55. Mwezi Machi 2014 Somalia yenyewe iliridhia mikataba nambari 87 na 98, inayompa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujadiliana na mwajiri. Hiyo ni haki mpya yenye thamani, maana shirikisho la vyama lililoundwa nchini humo mwaka 1977 lilikuwa chini ya mkono wa chama tawala.

Lakini karatasi haibebi gunia. Mahali pa kuanzia ni padogo na panajulikana: wachukuzi wa gati moja wawe na orodha moja, zamu ifuate orodha, isifuate ukoo wala urafiki wa mnyapara, bei ya gunia ikubaliwe kabla meli haijafunguliwa, sehemu ndogo ya kila siku iwekwe kwa ajili ya anayeumia. Na Mbajuni, Mgosha na Msomali wa kila ukoo wasimame katika orodha hiyo kwa jina la kazi yao. Hilo la ukoo ndilo gumu kuliko yote Kismayo, maana damu nyingi imemwagika kwa ajili yake. Lakini gunia la kilo 50 halina ukoo. Linamlemea yeyote.

Nasi tulio katika viwanda na mashamba tusidhani habari hizi ni za mbali. Mareerey ilikuwa na ving'ora vya zamu kama vyetu. Kiwanda cha nyama kilikuwa na daftari la mishahara kama letu. Tukisikia mashine inakosa vipuri, au sehemu inafungwa kwa muda, tuulize mapema, tuulize kwa pamoja, na tuulize kwa maandishi. Mji wetu unaweza kubaki umechangamka vile vile baada ya kiwanda kufungwa, na mgeni akausifu, huku sisi tukipanga foleni kubeba bidhaa tulizokuwa tukizitengeneza.

Siku mgeni atakapoingia Kismayo akauliza njia ya mtaa wa Shaqaalaha, tunataka aonyeshwe nyumba za watu wanaojua kesho watafanya kazi gani na kwa ujira gani. Jina wanalo tayari. Haki inayokwenda na jina hilo hupatikana kwa umoja.